Wifi, Harusi Hii Niachie Mie

Mpenzi wifi yangu Raya,

Nasra wangu sasa hivi kaichukua simu yangu na mikono yake ya uji, kaibusu. Kaibusu ile picha uliyotutumia jana, ya yule mwimbaji wa taarabu jukwaani huko Unguja. "Shangazi," anasema. Nikamwambia huyo si shangazi yako, shangazi ndiye aliyempiga picha. Akaibusu tena. Nimempokonya, kalia, nimempa kijiko achezee, kanyamaza. Mie ndiye sijanyamaza. Ndiyo maana nakuandikia hapa wazi, kwenye kundi la ukoo, maana tukizungumza kwa simu unanichekesha mpaka nasahau nilichotaka kusema.

Nakuonea wivu, wifi. Basi, nishasema.

Unaikumbuka harusi yetu ya kwanza kuipiga picha, huku Pemba, pale Mtambile, taarabu ya wanawake watupu? Simu zote ziliachwa mlangoni kwenye ungo, maana mule ndani watu wamevua mabaibui. Sisi tu tuliopitishwa na kamera yako, kwa kuwa wenye harusi walitujua, na kwa sharti picha zisionwe ila na bi harusi, mamake na mwimbaji mwenyewe. Tulijiona sana siku ile. Halafu picha zikatoka, zote mwimbaji kaachama. Mwimbaji mwenyewe, Bi Salama, alipojiona akatuuliza, "Wanangu, hapa naimba au nang'olewa jino?" Weye ulicheka mpaka ukakaa chini. Mie haya zilinishika.

Ndipo tukajifunza. Weye ulijua vidude vya kamera: kuizima ile taa ya kumulika, kuongeza mwanga, kuegemea nguzo mkono usitetemeke. Mie sikujua hata kitufe kimoja, lakini nyimbo nilizijua zote kwa moyo. Nilijua kwamba ubeti ukisha Bi Salama hufunga mdomo, fidla zinaingia, naye humtazama aliyekwenda kumtunza noti akamchekea kwa macho. Basi nikawa nakaa nyuma yako, mkono begani. Mkono wenye noti ukipita mbele ya uso wake nakuzuia. Ukishuka nakufinya ubonyeze. "Taratibu wifi, utanitoa damu," ukilalamika. Lakini picha zikawa picha.

Na watu wakasemaje? Raya ana jicho. Mama mkwe mpaka leo akipata mgeni humwambia, Raya wangu ana jicho. Mie niko pale naosha vyombo, naitikia, ndio mama, analo.

Kisha ukenda zako Unguja na kamera. Kamera yako, sikatai. Lakini hii picha ya jana, wifi! Yule mwimbaji kafunga mdomo, macho yanacheka, hapana mkono wala noti mbele yake. Umeipata peke yako. Wallahi niliitafutia kasoro, nikaikuza, nikaipunguza, nikaitazama kwa pembeni. Sikuiona. Hapo ndipo paliponiuma, maana mie nilijua bila mie utarudi kupiga midomo iliyoachama.

Usidhani nimekaa bure. Kaka yako kaninunulia simu yenye kamera safi. Watoto wa chuo cha Kurani wakisoma kasida nakaa mbele kabisa, kwa sababu simu hii ukiivuta mbali picha inakuwa ukungu. Nasikiliza pumzi zao, nabana na yangu, ndipo nabonyeza. Nyingi nazifuta. Moja moja inatoka, nikaitazama hata wali ukaungua.

Sasa Bi Mwanaidi anaoza bintiye wiki hii, na waimbaji wanatoka Chake Chake. Nilikwenda kumwomba nipige mie. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai na mkate wa ufuta, akasema, "Tunamngoja wifi yako." Nilimwachia kwenye simu yake picha zangu chache za kasida azitazame, nikarudi nyumbani hata niliosalimiana nao njiani siwakumbuki.

Kwa hiyo nakuomba. Njoo, lakini kamera iache huko huko. Ukija nayo nitarudi kuwa mkono wa nyuma, na watu hawatajua kamwe kama na mie ninalo jicho. Vaa ile nguo yako ya kijani, ukae na wageni, ule biriani, unyanyuke ukatunze kama wenzio. Nami nikupige picha weye. Harusi zote tulizokwenda, wifi, hapana hata moja uliyomo pichani. Nataka nikutoe vizuri, mama akiiona aulize, hii kapiga nani? Sina ubaya na weye. Nimechoka tu kukusifu kwa kitu ambacho nusu yake ni ya...

Ngoja, mama ananiita. Anasema Bi Mwanaidi yuko mlangoni, anauliza mpiga picha yuko wapi. Sijui anakuulizia weye au mie. Nishaitika, nimesimama, nakwenda kumwambia mpiga picha wa harusi hii ni mie.