Gari Lisirudi Nyuma

Amukura, karibu na Busia

Dada yangu Wakesho,

Nakusalimu wewe na wote mlio nyumbani Taita. Mama anaendeleaje na kifua chake? Najua baridi ya miezi hii huwa inamsumbua. Mimi mwili ni mzima ila moyo umechoka, ndiyo maana nimekawia kukujibu. Kila nikishika kalamu naona heri ninyamaze.

Nilikueleza kwamba dereva wetu hapa zahanati, Mzee Ekisa, alianguka na baiskeli akavunjika mguu. Tangu hapo Land Rover ikawa inakaa uani tu. Siku moja akaletwa mama mmoja, Asekenye, uchungu umemshika tangu alfajiri na mtoto hashuki. Mimi mkunga niliona wazi kwamba ni lazima apasuliwe. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwangu na hapakuwa na mtu wa kuliendesha. Wanaume wakambeba na kitanda chake kwa miguu kwenda Busia, nami kando nimemshika mkono. Hata nusu ya njia hatukufika. Alikufa, na mtoto wake tumboni.

Baada ya mazishi niliamua kujifunza gari mwenyewe. Bwana Salim, mfanyabiashara wa Busia mwenye lori, alikubali kunifundisha Jumapili. Watu walisimama kando ya barabara kumtazama mwanamke kwenye usukani, na wengine walicheka wazi. Salim hakuwajali. Nilipokuwa nikiinamia gia kila mara, aliniambia, "Usitazame gia, sista. Gia haitoki. Tazama barabara."

Dada, sikujua udereva ni mambo mengi hivyo. Kuna alama za barabarani za kukariri. Kuna kurudi nyuma kati ya mapipa mawili bila kuyagusa. Kuna ishara za mkono nje ya dirisha: kulia unaunyoosha, kushoto unauzungusha, kupunguza mwendo unaupandisha na kuushusha. Lakini kilichonitoa jasho ni mlima. Unasimama katikati ya mwinuko, unavuta breki ya mkono, kisha unaiachia klachi pole pole mpaka usikie injini imeshika, ndipo ufungue breki, na gari lisirudi nyuma hata kidogo. Salim alinipeleka Malaba, kwenye mwinuko wa kutoka mpakani, nikafanye mazoezi katikati ya malori ya Uganda. Alisema pale dereva aliye nyuma yangu hatanionea huruma. Na kweli, nilitukanwa kwa lugha nisizozijua.

Siku ya mtihani, mkaguzi aliweka kiberiti nyuma ya gurudumu mlimani. Nilikipondaponda. Alikiokota, akanionyesha, akaniambia nirudi mwezi ujao.

Mwenyekiti wa kamati yetu naye akasema gari haliwezi kukaa bure. Kuajiri dereva mwingine hawawezi, maana Mzee Ekisa bado ana kazi yake. Mwezi ukiisha bila mtu mwenye leseni, litapelekwa zahanati nyingine.

Kabla mwezi haujaisha akaja Amoit, mdogo wake Asekenye, naye ana nyonga nyembamba kama za dada yake. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, na mtoto amekwama. Sheria inataka mwanafunzi akae na dereva mwenye leseni. Nikakimbia kwa Mzee Ekisa, nikamkuta kitandani. Sikumaliza hata kueleza. Alisema, "Mguu ndio imevunjika. Leseni yangu bado mzima. Nibebeni."

Wakambeba, wakamketisha kando yangu na mguu wake wa plasta. Tulipofika kwenye mwinuko tukakuta mkokoteni wa ng'ombe umekwama mbele, nikalazimika kusimama. Injini ikazimika. Gari likaanza kuserereka nyuma kwenye tope, na Amoit nyuma yangu analia kwa sauti ambayo sijaisahau. Nilivuta breki kwa mikono miwili. Mguu wangu ukaitafuta klachi, ukaikosa.

Mzee Ekisa akanena taratibu, "Sikiliza injini, mwanangu. Huyo usimsikilize."

Nikawasha. Nikasikiliza injini peke yake. Mkokoteni ukavutwa kando, gari likapanda. Tulifika, Amoit akapasuliwa, na yeye na binti yake wote wazima.

Sasa ungedhani mtihani wa pili niliushinda. Mlima niliupanda, kiberiti kikabaki kizima. Lakini tangu siku ile ya mvua mikono yangu inaung'ang'ania usukani, haitaki kuuacha. Kwenye njia panda nilikata kulia bila kutoa mkono, na mbele tena vile vile. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Unaendesha vizuri, lakini wa nyuma yako hajui unakwenda wapi." Nimeanguka, Dada.

Nilimwendea mwenyekiti nikamsihi mpaka nikaona haya. Alisema imekwisha kuamuliwa. Jana akaja dereva mgeni, nikampa ufunguo, akaondoka na gari. Mzee Ekisa alikuwa ameketi mlangoni kwake akitazama.

Sasa kina mama walio wajawazito nawaambia wahamie kwa jamaa zao Busia kabla siku hazijatimia. Leo mmoja, msichana mdogo tu, amenijibu kwamba Busia hana mtu. Atarudi kesho kusikia la kufanya. Usingizi umenipotea.

Nisalimie Mjomba Mwakio na mkewe, wifi yetu Mshai na watoto wake, na yule bibi jirani anayemchotea Mama maji. Barua hii usimsomee Mama yote. Mwambie tu ninajifunza gari.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Mkamburi