Stika ya Mwaka Mzima kwa Gari la Mwezi Mmoja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sepetu, ndilo analoitwa na watu wote
Umri: miaka 54
Kazi: kibarua wa ujenzi
Makazi: chumba cha kupanga, nyuma ya kiwanda cha matofali
Ndoa: amefiwa na mke

Huyu mliyemfungia hapa kituoni ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Gari si lake. Alilikodi kwa mkataba wa miaka miwili, awe anampeleka mama mkwe wangu kliniki. Mdhamini wa mkataba ni mimi. Ndugu mwingine hakuna.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa mbili asubuhi, tulilirudisha uani kwa kampuni inayokodisha magari. Mkataba ulibakiza mwezi mmoja. Usajili ulikuwa umeisha jana yake, ndiyo maana tukalirudisha mapema. Karani, ni mwanamke, akasema gari halipokelewi bila usajili, na ada ni ya mwaka mzima, analipa aliyekodi.

Shemeji akasema, "Dada, mimi nina mwezi mmoja. Hiyo kumi na moja anaendesha nani?"

"Atakayekodi baada yako."

"Na yeye mtamtoza?"

"Tutamtoza. Ndiyo utaratibu."

"Yaani ninunue kiti, ukikalie wewe, halafu ukikodishe!"

Tukataka kuondoka nalo. Mlinzi akafunga geti. "Mzee, lisilo na usajili haliingii barabarani. Mkikamatwa naulizwa mimi."

Kupokelewa halipokelewi, kutoka halitoki. Tukakaa ndani ya gari mpaka saa sita, jua la utosini. Mwisho shemeji akalipa kwa simu. Karani akaja na stika mpya ya usajili, akaibandika kwenye kioo cha mbele, akasema, "Asante, karibu tena."

Hiyo karibu tena ndiyo iliyomtoa shemeji ndani ya gari.

Akaniambia, "Shemeji, nipe mwiko." Nilikuwa na mwiko wangu wa plasta kwenye mfuko. Nikampa. Akaanza kuibandua stika. "Gari lenu, stika yangu!" Mimi nikacheka. Kioo kikapasuka. Mlinzi akaja mbio, akateleza kwenye oili, chini. Hakuguswa na mtu. Shemeji alikuwa upande wa pili wa gari, stika imemganda kidoleni, anaikung'uta haitoki.

Mnaniuliza kama mwiko ni silaha. Una saruji kavu mpaka kwenye mpini. Nikisema sikumpa, nimedanganya. Nikisema nilimpa, mnaandika nilimpa silaha. Andikeni nilimpa mwiko.

Kioo amevunja, sibishi. Ila mtu alipe miezi anayoendesha, basi.

Mama mkwe ananiuliza mwanawe yuko wapi. Nimemwambia yuko kwenye foleni.

Niliyoyaona ni hayo. Sina la kuongeza.

Dole gumba la shahidi: (limewekwa)

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa, amekubali ni maneno yake. Ameomba mwiko wake, kesho ana kazi. Mwiko unabaki kituoni kama kielelezo. Ameelezwa pia asiondoke. Karani wa kampuni yuko mapokezi na mkataba, anamtaka mdhamini.