Jina la Bibi Katika Tasnifu

Likoni, Mombasa.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Zubeda,

Assalaam aleikum. Nakushika miguu, ingawa nasikia magoti yako hayataki kuguswa siku hizi. Joto la Maskati limepungua? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Ahmad ameupaka ukumbi rangi ya kijani bila kumuuliza mtu, na mama amenuna siku ya tatu leo.

Masomo yangu ya uzamivu yamebakisha sura moja, inshallah. Tasnifu yenyewe inahusu Kiingereza cha wanawake wa Likoni waliokiokota kazini, bila kuingia darasani hata siku moja. Kwa hiyo nashinda nikisikiliza sauti ya Bibi, yale mazungumzo niliyomrekodi mwaka mmoja kabla hajafariki. Nimemkumbuka mno, shangazi.

Wakumbuka alivyokuwa akiwakaripia paka kwa Kiingereza? Paka wetu walikijua kabla yangu. Mimi nikitoka shule, kijitoto mjuaji, namsahihisha, naye hucheka tu. Leo naandika kurasa arubaini kuthibitisha kwamba hakukosea, alikuwa na kanuni zake. Natamani ningemwambia mwenyewe.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Bibi alikubali kurekodiwa kwa sharti moja, jina lake liandikwe. Nilipomweleza kwamba wasemaji hufichwa majina, alinijia juu: "Mbona wanificha, kwani nimeiba?" Nikamuahidi. Lakini kosa ni langu, siku ile nilimpa fomu ya kuficha jina, akatia kidole. Sasa chuo kinataka saini ya mwanawe mkubwa ndipo jina liandikwe, na mkubwa ni wewe.

Najua ninachokuomba. Ulipoolewa, wakwezo waliambiwa kwamba Bibi hushona kofia nyumbani. Tasnifu itasema alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli pale Shelly Beach, miaka kumi na minne. Kwenye rekodi anasimulia ulivyokuwa ukilala ndani ya kapu la mashuka, mtoto wa miaka mitatu, wageni wakija kukuchungulia. Hapo anacheka mpaka kikohozi kinamshika.

Msimamizi wangu, Daktari Nafula, ashanishauri nimwite Msemaji wa Saba, mambo yaishe. Wallahi siwezi. Ukikataa sitanuna, wewe ndiwe mwanawe. Nitaitoa sura yake nzima, hata kama itanirudisha nyuma mwaka.

Msalimie sana Ami Ghanim, na Samah umwambie namdai picha za mtoto. Mama na Ahmad wanakusalimu. Mola akupe afya na akuhifadhi ugenini.

Fomu nimeiambatisha. Jina lako nimelifuta kila alipolitaja, hiyo ni haki yako. La Bibi, shangazi, alisema mwenyewe liandikwe.

Mwanao anayekupenda na kukungoja,
Ruwaida