Kadi ya Kitabu cha Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Meza ya mlangoni sasa ni ya muziki. Bosi kaamua. Vitabu vya bendi, vya redio, vya mafundi wa magitaa – vyote pale mbele, kila kimoja na kadi yake. Sheria ya duka ni ileile: aliyekisoma ndiye anayekiandikia kadi, kwa mkono wake, na kutia sahihi.

Kile kidogo cha vipindi vya salamu za redio nimekisoma, nikalia. Cha fundi wa magitaa, nikacheka peke yangu kama chizi. Kile cha kijani, cha bendi za zamani – kinene kama tofali! Nimesoma utangulizi na jalada la nyuma. Nikaandika: “Nimekisoma mpaka mwisho. Kila aliyewahi kupanda jukwaani atajiona humu.” Nikatia sahihi. Nani atajua?

Jumatano, 6 Machi

Fundi cherehani wa jirani kachukua kile cha redio. Anasema kuna wimbo mmoja ukipigwa lazima asimamishe cherehani, maana ndio uliokuwa redioni siku anamtoa mkewe hospitali na mtoto wao wa kwanza. Mguu unagoma kukanyaga, anasema. Nikampenda bure.

Akauliza, na hiki cha kijani? Nikamjibu kwamba hicho ndicho baba lao. Ulimi hauna mfupa. Akakichukua nacho.

Ijumaa, 8 Machi

Shangazi kaja dukani.

Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Enzi za usichana wake aliimba bendi – si nyota, mwitikiaji tu, maikrofoni ya pembeni. Mpaka leo akipiga pasi anaimba sehemu yake peke yake. Anaitikia, ananyamaza pale pa kiongozi, anaitikia tena. Nilipokuwa mdogo nilidhani nyimbo zote zina mashimo. Baadaye nikawa nayajaza mimi, kwa maneno ya kubahatisha, naye anacheka mpaka anaweka pasi chini.

Akasoma kadi ya kile cha kijani, akaniuliza kama mwandiko ni wangu. Ndiyo, shangazi. Umekisoma chote? Chote. “Kwa hiyo tumo?”

Alivyouliza! Kama mtu anayeulizia matokeo ya mtihani.

Nikasema: mmo.

Akalipa bei kamili, punguzo la mfanyakazi kalikataa. Jumamosi ya wiki ijayo mwenye kadi anasoma kurasa chache mbele ya wateja, ndiyo desturi yetu. Atakuja na mashoga zake wawili wa enzi hizo.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimekifungua. Kweli bendi yao imo, sikusema uongo hapo. Na picha ipo. Shangazi kavaa lile gauni lililoko chini kabisa ya sanduku lake. Chini ya picha: “Mojawapo ya mapambo ya bendi.”

Halafu maelezo. Kwamba wasichana waliwekwa kwa ajili ya macho ya watu. Kwamba maikrofoni zao zilikuwa zimezimwa.

Zimezimwa!

Sijui kama ni kweli. Sijui kama alijua. Ninachojua ni kwamba chini ya maneno haya kuna sahihi yangu, na uso sijui nitauweka wapi.

Jumanne, 12 Machi

Nimejaribu kuitoa kadi. Bosi akaniona. Kadi haitolewi, anasema, mpaka aliyeiandika aeleze kwa nini. Nikasema naifuta vumbi. Nikairudisha. Mwoga mkubwa mimi.

Nikampigia shangazi nimwambie aache kusoma. Yuko mwanzo mwanzo, macho yanamchosha, anasoma kidogo kidogo ili utamu usiishe. Kamnunulia na mkwe wake nakala, apate kujua mama mkwe ni nani. Nikamuuliza habari za mgongo wake. Basi, nikakata simu.

Alhamisi, 14 Machi

Shangazi hapokei simu.

Jumamosi, 16 Machi

Naandikia stoo, juu ya boksi, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Amekuja. Kavaa lile gauni, kalifumua ubavuni limtoshe. Mashoga zake wakakaa naye mstari wa mbele. Nikasoma utangulizi, ndiko kusikouma. Wakapiga makofi. Nikadhani nimepona.

Akasimama na kitabu chake, kaweka uzi wa kushonea mle ndani. Akanifungulia ukurasa wa picha. “Tusomee na hapa, mwanangu.”

Nikasema sauti imenikauka.

“Soma tu. Uliandika mtu atajiona humu. Nimejiona.” Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. “Nataka nisikie mtu aliyekipenda anavyopasoma.”

Watu wote macho kwangu. Fundi cherehani naye yumo. Ningesema palepale: shangazi, sikukisoma. Maneno mawili. Nikasema naenda kunywa maji, nikaja kujificha huku. Mtu mzima na akili zangu.

Bosi kagonga mara moja, kaniambia watu wanangoja, kaondoka.

Sasa nasikia kitu. Ni yeye – anaimba. Wimbo ule wa kwenye pasi. Mashoga zake wameingia naye. Hakuna maikrofoni humu dukani, na sauti inapita ukutani, inapita maboksi yote, mpaka hapa nilipo.

Wamefika pale pa kiongozi. Wamenyamaza.

Wanarudia tangu mwanzo. Wamefika tena, wamenyamaza tena. Hakuna anayejaza.

Ufunguo ninao mkononi.