Bibi wa Chini Kabisa

Mama, shikamoo.

Goti limeamkaje? Huku Mtwara mimi na baba watoto hatujambo, ila mimi kutulia nimeshindwa. Kaka ana bustani ya jangwani uani kwake, mchanga mtupu na mipungate na mishubiri. Asubuhi nikaimwagilia yote, mkono umezoea. Mkewe akaninyang'anya ndoo. "Wifi, hiyo inaoza kwa maji. Hebu kaa ule korosho."

Mchana wakatupeleka kwa mzee mmoja anayechonga mpingo. Alikuwa anapiga msasa kinyago cha ujamaa, watu wamepandana mpaka juu, na chini kabisa bibi amewabeba wote. Watoto wa kaka wakawa wanajitafuta humo, wanacheka. Mimi nikamuuliza mzee kwa nini asimchongee huyo bibi kiti. Hakuinua hata kichwa. "Nikimkalisha, hawa nitawaweka wapi?"

Tangu hapo chakula hakipiti, Mama, maana wanangu wote nimekuachia wewe, na simu hupokei. Kadi hii nampa dereva wa basi la jioni. Tunarudi kesho, si Jumatatu. Ndoo za maji ziache hapohapo zilipo, nitachota mwenyewe.

Wewe kaa.

Mwanao,
Zuhura