Nilichungulia Kibao cha Shemeji

Mpendwa Mshauri, safu yako huwa tunaisoma kwa sauti kwenye chumba cha chai hospitalini kwetu, na mimi ndiye ninayecheka kuliko wote, hasa wakilia wale wa mapenzi, sasa leo zamu imenifikia na sina hata uso wa kukuandikia, lakini nisipoandika nitapasuka.

Mimi ni daktari wa usingizi, yule anayekaa kichwani pa mgonjwa akimlaza na kumwamsha salama, na mwaka huu hospitali iliamua sisi madaktari wakubwa tufundishwe kuwapima wadogo zetu, si ufundi wa mikono, huo tunaujua, bali wanavyofanya kazi na wenzao kwenye chumba cha upasuaji, kama wanasikilizana, kama mtu wa chini akiona hatari anathubutu kusema. Mwalimu wetu alikuwa binti mpole mwenye miwani mikubwa, alikuja na video za upasuaji na vibao vya namba, moja ni mbaya na nne ni nzuri kabisa, tunatazama video halafu akitoa ishara sote tunainua vibao kwa pamoja, kila mtu na alama yake, bila kutazamana.

Sasa kati yetu alikuwemo Bwana Mkubwa, hivyo ndivyo tunavyomwita, daktari bingwa wa upasuaji aliyetufundisha karibu sote pale, na kwangu mimi tena ni shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Siku ya kwanza niliinua nne yeye akainua moja, akanigeukia mbele ya watu, "Shemeji, wewe umeangalia video gani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini tangu hapo nikajifunza kuchelewa kidogo, nachungulia kibao chake ndipo nainua changu, kama mtu wa kwaya asiyejua maneno ya wimbo anayefuata midomo ya jirani, na kumbe wenzangu nao walikuwa kwenye mchezo huohuo, maana mwishoni alama zetu zote zililingana, na yule binti akafurahi mno, akasema hajawahi kupata kundi linaloelewana namna hii. Tukajipigia makofi.

Mshauri, kama yangeishia hapo ningejicheka tu. Tulipoanza kupima kweli, tulimpima kijana mmoja anayemalizia mafunzo ya upasuaji, mimi na shemeji na mwenzetu mwingine tumesimama ukutani na barakoa zetu. Kabla hajashika kisu kijana aliwauliza wote mle ndani, "Kuna mtu ana jambo?" Katikati ya kazi sista akasema, "Daktari, kitambaa kimoja hakionekani," naye akasimamisha kila kitu, wakatafuta wote, kikaonekana kimejikunja pembeni ya mgonjwa, akamwambia, "Asante sista, umeniokoa," wakaendelea. Moyoni nikasema hii ni nne, na kama ingekuwepo tano ningempa. Tulipotoka shemeji akatangulia kusema, "Huyu hana uamuzi. Daktari wa upasuaji haulizi watu maoni kama mwenyekiti wa kikao," akampa moja. Mwenzetu akampa moja. Mimi nikampa mbili, nikajiona nimepigana.

Kijana ameanguka kipimo, matokeo yakithibitishwa atarudia mwaka mzima chini ya usimamizi. Alinifuata kwenye ukumbi akaniambia, "Asante mama, nitajirekebisha," na kweli amejirekebisha, ndiyo maana silali. Wiki iliyopita nilikuwa kichwani pa mgonjwa wake, mama mmoja fundi cherehani, sista akaanza, "Daktari, naona..." kijana akainua mkono kama anavyoinua shemeji, akasema, "Baadaye." Sista akanyamaza. Na mimi nikanyamaza! Kumbe mkono wa yule mama ulikuwa umeteleza chini ya shuka ukabanwa na chuma cha kitanda, akaamka vidole vina ganzi, akawa analia ataishije asiposhika sindano. Ganzi iliondoka kesho yake, Mungu mkubwa. Tunanawa mikono sista akaniambia, "Nilitaka kusema, mama, lakini siku hizi daktari wetu hataki maneno. Si ndivyo mlivyomfundisha?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kamati inakaa Alhamisi kuthibitisha matokeo. Nikisema, nimemuumbua shemeji, na mume wangu ameshaniambia, "Usinigombanishe na kaka yangu kwa ajili ya mtoto wa watu." Nisiposema, ndiyo hivyo. Naona aibu mpaka kumtazama sista. Niseme au nijikaushe? Nakuomba uniamulie.

Ni mimi, Daktari wa Usingizi Asiyelala.

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole. Na wale wa mapenzi uliokuwa unawacheka wanakusalimu.

Aibu unayoisikia ni halali yako, wala sitakupunguzia hata kidogo. Ulifundishwa kupima kama watu wanathubutu kusema, ukafaulu mafunzo kwa kutosema. Halafu ukamwadhibu kijana kwa kufanya kile mlichofundishwa kukitafuta. Hiyo mbili unayojisifia ni moja iliyovaa viatu virefu.

Na sasa unaniandikia nikuamulie! Unajua unachofanya? Unachungulia kibao changu kabla hujainua chako. Jibu ulikuwa nalo tangu ulipokuwa umesimama ukutani. Ni nne.

Shemeji yako nimemwelewa, wala simwoni shetani. Ni mtu ambaye miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia "hapana", na nyinyi nyote mmemlea hivyo. Kwa hiyo nenda kwake kwanza, kabla ya Alhamisi, nyumbani kwake, mchana, ukae umwambie kwa heshima: "Shemeji, alama niliyotoa haikuwa yangu, naibadilisha, na nimeona uisikie kutoka kwangu." Usimwombe ruhusa. Unampa taarifa. Baba watoto mwambie kwamba undugu unaovunjika kwa sentensi hiyo ulishaoza zamani.

Kisha ieleze kamati uliona nini, ulitoa alama gani na kwa nini. Waambie pia kwamba wewe na Bwana Mkubwa ni watu wa familia moja, hamkupaswa kumpima kijana pamoja. Labda atapimwa upya na watu wengine. Labda wewe utaondolewa kwenye kupima, na ukiondolewa, umestahili. Yule binti mwenye miwani mpigie simu umwambie kule kulingana kwa alama zenu kulikuwa kwa bandia, asije akaenda kuwasimulia wengine kama mfano mzuri.

Kijana usimsubirishe hadi kamati ikae. Leo hii mwite umwambie, "Ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Uliza tena." Aseme asante, akasirike, hiyo ni haki yake.

Sista usimnunulie soda wala kumchekeachekea. Mgonjwa ajaye, ukiwa pale kichwani, kabla kisu hakijagusa ngozi, wewe ndiye uulize, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Kuna mtu ana jambo?" Halafu nyamaza, umtazame sista usoni, na usiruhusu kazi ianze mpaka amejibu.