Moto wa Kilio

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita

Nimeamka, nimeangalia mbabula kwanza, jiko langu la makaa. Iko inawaka. Makala ni yale yale, sijaongeza hata moja tangu wakati wa mvua. Nikateleka chai. Mihogo kwenye beseni bado ni migumu kama siku niliyoiloweka. Nimeshazoea.

Upande wa Baba Neema kitandani una joto. Shati lake kwenye msumari linanuka jasho lake. Inanitosha.

Jumatano, tarehe 11

Jirani yangu Esperansi amepita na mtoto mgongoni. Yeye na binti yangu Neema walishika mimba pamoja. Mtoto wa Esperansi anakaa sasa, ana meno mawili. Tumbo la Neema ni lile lile la miezi saba. Esperansi aliliangalia, akaomba chumvi ambayo hakuihitaji. Nilimchukia.

Alhamisi, tarehe 12

Niandike jambo lenyewe, hakuna wa kunisoma.

Baba Neema alikufa mwezi wa kumi, mwaka jana. Moto wa kilio uliwashwa uani, wanaume wakauzunguka kama kawaida. Siku ya kuondoa kilio, dada yake, Yaya Josefina, ndiye wa kuumwagia maji na kupeleka majivu ziwani. Hapo watu wanarudi makwao, na marehemu anakwenda kwake. Kabla hajamwaga, nilichota makala ya moto kwa sahani ya bati, nikayaweka kwenye mbabula yangu. Haifanywi. Najua haifanywi. Sikutaka aende, basi. Sijutii.

Jumamosi, tarehe 14

Muuguzi alisikiliza tumbo la Neema muda mrefu, akatoka kumwita mwenzake. Moyo wa mtoto unapiga, lakini pole pole mno. Wakasema arudi wiki ijayo. Neema hakuuliza kitu mpaka nyumbani. Hapo akasema mtoto hachezi tena.

Nilijishika kichwa. Walininyoa siku ile ya kuondoa kilio. Hakijaota hata unywele mmoja.

Jumapili, tarehe 15

Baada ya misa Neema alikwenda Rugenge kwa shangazi yake Josefina, akashinda huko. Amerudi anacheka. Mtoto amempiga teke, tena na tena. Alipovuka mlango wetu akashika tumbo, na kicheko kikaisha. Akaangalia mbabula. Kisha akaniangalia mimi.

Nikageuka kusonga bugali.

Jumatatu, tarehe 16

Nimemwambia ahamie Rugenge, azalie kule. Nilidhani nimepata njia. Yeye na mtoto kule, mimi na babake hapa. Amekataa.

"Mama, siwezi kukuacha weye peke yako na hii moto. Kama uko unabakia, minye pia niko nabakia."

Kichwa kigumu, cha babake kabisa. Nikamfokea. Akaendelea kuchambua mboga za lenga-lenga.

Jumanne, tarehe 17

Asubuhi nilimwita Neema, hakuamka. Alikuwa anapumua. Lakini kati ya pumzi moja na nyingine ningeweza kufagia chumba kizima. Nilimtikisa mpaka akafungua macho. Akauliza kama watu wa kilio bado wako uani.

Naogopa. Na joto la kitandani limevuka, limefika upande wangu. Nilipokaa hapo mwili wangu haukutaka kuinuka.

Jumatano, tarehe 18

Nimemwita Yaya Josefina. Amekuja na bidoni ya maji ya ziwa bila kuambiwa. Alisimama mlangoni mwa jiko, hakuingia.

"Mama Neema, nilijua kitu iko hapa. Ndugu yangu hajanijia hata mu ndoto."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Kumwaga ni kazi yake, si ya mjane, lakini alinipa bidoni mkononi. Nikasimama nayo. Nilitaka kuomba siku moja tu, nilale kwenye lile joto mara ya mwisho. Neema alikuwa ameegemea ukuta, macho yanafumba.

Nikamwaga.

Majivu tuliyapeleka ziwani sote watatu. Maji yamepanda mpaka kwenye kuta za nyumba za chini, hatukutembea mbali. Nililia njia nzima ya kurudi. Sikulia hivyo hata siku ya kumzika.

Ijumaa, tarehe 20

Mihogo imelainika yote kwa pamoja. Harufu yake imejaa nyumba. Nimeianika juu ya bati.

Kitanda ni baridi pande zote mbili. Shati lilikuwa linanuka vumbi tu, nimelifua. Likikauka nitampelekea Yaya Josefina, ndiye wa kuligawa.

Neema amelala mchana. Mtoto anapiga mateke mpaka kitenge kinaruka. Nilikaa karibu yake nikitazama.

Kichwa kinaniwasha. Nywele zinaota.